Jino Lililomchongea Mwenyewe

Jina la Chonge lina mwenyewe, na mwenyewe ni mkewe. Sisi wengine tulilidandia tu.

Mzee huyu alitunza mbwa wa ulinzi kwenye ghala la mbao miaka thelathini na miwili. Alisafisha mabanda, akawapikia, akawafundisha kuketi, kunyamaza, na kumshika mwizi mkono wa koti bila kumtoa damu. Sasa watu walipoona lile jino lake la pembeni, refu, limechepuka, linachungulia nje hata akifunga mdomo, wakajijibu wenyewe: mtu wa mbwa, jino la mbwa, ndiyo maana ya Chonge. Wapi! Watu wanapenda kujua mambo ambayo hawakuyauliza.

Ukweli ni huu. Mkewe, kabla hajawa mkewe, alikuwa mpishi wa kantini ya ghala hilo. Asubuhi moja alikuta jibini la meneja limeng'atwa. Alama za meno zilikuwa zimejipanga vizuri, isipokuwa upande wa kushoto, palipokuwa na kishimo kirefu kimekwenda upande. Binti yule hakupiga kelele. Alibeba jibini lake kwenye sahani, akapita kwenye foleni ya chai, mwanamume mmoja mmoja: "Cheka kidogo, kaka. Ahsante. Na wewe cheka." Alipofika kwa mtunza mbwa, jamaa akabana midomo kama amemeza sindano. Jino likachungulia vilevile.

"Pole, kaka," binti akasema. "Jino lako limekuchongea."

Kantini nzima ikavunjika mbavu. Limechongwa likawa na ncha, kisha likamchongea mwenyewe kwa wapishi! Chonge akaitwa tangu siku hiyo. Kesho yake alirudi kuomba radhi, kesho kutwa akarudi bila sababu yoyote, na mwaka haukuisha wakaoana.

Waliishi hivyo miaka arobaini na moja, wakataniana, wakanuniana, wakamlea binti yao mmoja. Kisha mama akaanza kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye sufuria jikoni, akafika kwenye majina. Binti yake wa kumzaa akawa anamwita dada. Lakini mzee akiingia chumbani, mama huinua macho, humtazama mdomoni, na kusema, "Chonge, umerudi." Mzee aliishi kwa maneno hayo mawili. Aliyapata asubuhi, yakamfikisha jioni.

Halafu fizi zikaharibika, meno yakalegea. Daktari akang'oa yote ya juu, akampa meno bandia meupe, yamenyooka kama askari wa gwaride. Mzee alirudi nyumbani akitabasamu tangu kona ya mtaa. Mkewe alipomwona akavuta shuka mpaka kifuani.

"Shikamoo," akamwambia. "Mwenye nyumba hayupo."

Jamani! Mtu kuamkiwa na mkewe mwenyewe!

"Baba, ni ugonjwa, si meno," binti yake alimwambia wiki nzima. "Daktari alishatueleza kwamba siku hii itakuja."

"Daktari hajawahi kuitwa Chonge," mzee akajibu, akavaa viatu.

Alikwenda kwa fundi wa meno bandia, mwanamke wa makamo anayefanya kazi chumba cha nyuma cha kliniki, katikati ya vumbi la plasta, visu vidogo, taa ya spiriti na vipande vya nta ya rangi ya ufizi. Mzee akaweka mezani kitambulisho chake cha zamani cha kazi, chenye picha anacheka.

"Nataka hili," akasema, akigusa picha.

Fundi akavaa miwani. "Mzee wangu, watu huja hapa niwanyooshee. Wewe unataka nikupindishie?"

"Ndiyo, mwanangu. Na lisipungue hata kidogo."

Fundi akacheka, akaanza kulainisha nta kwenye moto. Alikuwa mtu wa kupenda maneno. "Unajua chuoni tulifundishwa nini? Jina la Kizungu la jino hili limetoka kwa mbwa. Ni kama kusema jino la mbwa."

"Mbwa yupi?" Mzee alikasirika kweli. "Mbwa wangu wote walikuwa nayo manne manne, yamekaa sawasawa. Hao wenzetu wamepewa jina na mbwa, shauri yao. Letu ni chonge. Limechongwa."

"Haya, limechongwa na nani?"

Akafungua mdomo amweleze habari ya kantini, akaufunga. Akafuta vumbi la plasta kwenye meza isiyo yake.

"Mwanangu," akasema, "nimemkumbuka mke wangu. Yupo nyumbani, chai yake nampelekea mwenyewe kila asubuhi, lakini nimemkumbuka mpaka naumwa."

Fundi hakucheka tena. Alichonga. Mzee alirudi kwake mara nne, na kila mara ilikuwa ni kusahihisha: lichepuke zaidi, hapo umezidisha, ncha irudi ndani kidogo. Mara ya nne alijitazama kwenye kioo, akafunika uso kwa viganja viwili.

"Ndilo," akasema.

Alifika nyumbani mchana, roho juu. Mkewe alikuwa amekaa kitandani anakunja taulo, anaikunjua, anaikunja. Binti alisimama mlangoni, hathubutu hata kukohoa. Mzee akavuta kigoda, akaketi mbele ya mkewe, akatabasamu.

Mama akalitazama lile jino. Akalitazama sana. Akanyoosha kidole, akaligusa kwenye ncha, na uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe na wewe unalo!" akasema kwa furaha. "Mume wangu analo hilihili!"

Binti akaondoka kwenda jikoni, akafungua bomba.

"Yuko wapi mumeo?" mzee akauliza.

"Kazini, kwa mbwa wake. Anawadekeza wale kuliko mimi." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Anakawia siku hizi. Nimemkumbuka sana, baba. Ukimwona njiani, mwambie arudi."

"Nitamwambia."

"Usisahau."

"Sitasahau."

Akamtazama tena mdomoni, akasogea akamwachia nafasi kitandani. "Una haraka gani? Njoo ukae hapa, tumngoje."

Mzee akahama kigodani, akakaa karibu naye. Na kila nyayo zilipopita nje, wote wawili waliinua macho kutazama mlango.