Karatasi Mpya, Uso Uleule

Siku moja ya ujana wangu hainitoki akilini, mwanangu unayeanza kazi hii ya picha. Mimi na mume wangu, Baba Neema, tulikuwa na studio ndogo ya picha hapa Goma. Mama mmoja kutoka kijiji cha Kibumba akaja kuomba picha ya binti yake aliyefariki, ambaye tulikuwa tumempiga picha sisi wenyewe. Aliitaka iwe nyeusi na nyeupe, ya kuweka mezani siku ya kutoa matanga.

Niliichapa kwa maelekezo ya kiwandani yaliyokuja na printa. Yule mama akaisogeza dirishani.

"Huyu mumemupaka makala," akasema, yaani makaa. "Kovu yake ya ku shavu iko wapi? Na hii rangi ya kijani ya majani ya sombe ku paji?"

"Mama, ku ekrani ya kompyuta inaonekana muzuri," nikajibu.

"Sasa nibebe ekrani ku matanga?"

Baba Neema alicheka, kisha akaipokea ile picha. "Kiwanda hakijui karatasi yetu," akaniambia. "Tuiulize karatasi yenyewe."

Akachapa vipande vya kijivu, kuanzia weupe hadi weusi, akaviacha vikauke mpaka asubuhi. Akavipima kimoja kimoja kwa kipimo cha rangi alichoazima mtaani Himbi, na kompyuta ikatengeneza profili, yaani maelekezo ya karatasi ile na wino ule tu. Tulipochapa tena, kovu likaonekana, jembamba kama uzi. Yule mama aliporudi, akalipitishia kidole, akakaa chini.

Sasa Baba Neema naye ameondoka. Profili yake bado imo kompyutani, kwa jina aliloipa yeye. Picha yake ya matanga niliichapa kwa hiyo hiyo, kwa sababu ni kazi ya mikono yake. Lakini karatasi ya zamani haiji tena. Hii ya sasa, inayopitia mpaka wa Bunagana, weupe wake ni mwingine. Uso ulitoka wa majivu, macho yamezama. Nilitamani sana awe yeye. Niliuangalia muda mrefu nikijilazimisha kumwona, mpaka nikamkumbuka yule mama dirishani. Nami nikajiuliza: mvi zake za kidevuni ziko wapi?

Basi nikachapa vipande vyangu. Kusubiri vikauke ndiko kulikoniuma, maana zamani tulisubiri wawili, tukinywa chai, yeye akipulizia vipande kama mtoto ingawa alijua haisaidii. Safari hii nami nikapulizia.

Asubuhi nilipima, nikatengeneza profili mpya, nikachapa. Mvi zikatoka, moja moja.

"Karibu, Baba Neema," nikasema. Hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Mwanangu, karatasi ikibadilika, au wino ukibadilika, pima upya. Usitegemee profili ya kiwandani, wala ile ya zamani, hata kama ilitengenezwa na mtu unayemlilia. Yeye hakuiona karatasi hii. Profili yake itunze. Mimi ya Baba Neema sitaifuta. Ila alichotaka kukuachia ni ule uvumilivu wa kupima. Na mfiwa akikuambia huyu si wake, msadiki yeye kabla ya ekrani.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Na wale unaowapenda awaweke miaka mingi mbele ya kamera yako, wakicheka, wakikusumbua, kabla hujaombwa kuwachapa kwa ajili ya matanga.