Nilimsimamisha Kipa, Kisha Nikavaa Glavu Zake

Siku ya upumbavu wangu mkubwa naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na ninamwomba Mungu mama wa nyumba hii asiusome mstari huu. Ni siku niliyoingia golini mimi mwenyewe, baada ya kumfukuza golikipa wetu kwa sababu polisi walimkamata. Mimi, Banza, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani!

Mwanangu, jana ulipokuja na wenzako mkipiga kelele mpaka kuku wangu wakaruka ukuta, niliisikia sauti yangu ya zamani vinywani mwenu. Kasongo wenu, mfungaji anayeogopwa mtaa mzima wa Hewa Bora, amekamatwa kwa habari ya simu iliyoibiwa. Wanasema atatolewa kabla ya Jumapili, angoje kesi yake akiwa nyumbani. Na Jumapili ni fainali! Nusu yenu mnataka acheze, nusu mnataka asimamishwe hata kabla jaji hajafungua mdomo. Mkasema, "Tumuulize muzee." Moyo wangu ulidunda kama ngoma ya harusi. Siku hizi naulizwa nini mimi, zaidi ya mahali ulipo ufunguo wa choo? Basi kaa usome, nikujibu kwa yaliyonipata.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimetoka tu kumaliza sekondari, na timu ya mtaa ilinifanya sekretere wake. Usidhani ni kwa akili. Walinichagua kwa kuwa kila aliyenitafuta alinikuta nyumbani. Jezi zilikaa kwangu, mipira ilikaa kwangu, nami nilikaa nayo.

Kipa wetu alikuwa Amisi, mtoto wa fundi cherehani, familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema. Mwanangu, Amisi aliruka! Mpira ulikuwa unakwenda pembeni kabisa, wapinzani wameshaanza kushangilia, mara unaona mkono unatokea sijui wapi, na mpira uko nje. Sifa zake zilifika mjini. Tukaambiwa kwamba Jumapili, kwenye mechi yetu na mtaa wa jirani, atakuja mzee mmoja wa timu kubwa kumtazama. Akimpenda, anaondoka naye.

Alhamisi, Amisi akakamatwa. Alikuwa amemsaidia mjomba wake kupakua lori la samaki wakavu kutoka Kasenga, magunia mawili yakakosekana, mwenye mali akapiga kelele, polisi wakabeba kila aliyekuwa na harufu ya samaki. Amisi akafungwa kasho, kile chumba cha polisi cha kungojea.

Ijumaa tukakutana kwangu. Kila mtu alikuwa moto. Mmoja akasema mtaa wa jirani watatuimbia wezi. Mwingine akasema kina mama waliotuchangia jezi watazitaka zirudi. Na mimi, ambaye usiku nilikuwa nimesikiliza redio ikizungumza habari za wachezaji wa Ulaya waliosimamishwa kabla ya kesi zao, nikasimama. Nikakohoa. Nikasema kwa Kifaransa kilichopigwa pasi: "Suspension à titre conservatoire!" Yaani, tumsimamishe kwanza, mengine baadaye. Wengi hawakuelewa, ndiyo maana wachezaji wote walinyoosha mikono. Mwanangu, nilijisikia mtamu! Sikuwa nimempenda Amisi wala kumchukia. Nilikuwa nimeipenda sentensi yangu.

Prezida wetu, Papa Kalumba, mzee aliyestaafu reli, hakunyoosha mkono. Alinitazama kama mtu anayetazama behewa lililokosa njia.

"Banza," akasema, "mi siyui kama Amisi aliiba. Na weye hauyui. Kitu moja njo nayua: timu haina kipa mwengine. We njo umemufukuza, we njo utavaa glavu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumapili ikafika, uwanja umejaa hadi watoto wamepanda juu ya kuta. Glavu za Amisi zilinizidi ukubwa. Vidole vyangu vilikuwa vikizunguka ndani kama njugu kwenye kopo. Yule mzee wa timu kubwa nilimwona, amevaa kofia, amesimama karibu na kona, anatafuta kipa. Akaniona mimi. Akatazama tena, labda alifikiri jua linamdanganya.

Dakika za mwanzo tu, goli! Shuti halikuwa hata na nguvu, lilipita katikati ya miguu yangu polepole, kama mgeni anayepiga hodi. Uwanja ukalipuka. Nikainuka kuutoa mpira nyavuni, na nyuma ya nyavu nani amesimama? Amisi! Walikuwa wamemwachia asubuhi ile ile, arudi siku atakayoitwa. Alikuwa bado na vumbi la kasho kwenye shati.

Nilingoja matusi. Ningekuwa mimi, ningetukana hadi babu. Yeye akashika nyavu kwa vidole, akanong'ona: "Yaya Banza, funga miguu. Na usiangarie uso wa mwenye mupira, angaria muguu wake."

Yaya, kaka mkubwa! Aliniita hivyo baada ya yote niliyomfanyia. Akaendelea kunielekeza kutoka nyuma: "Toka mbele! Rudi! Kushoto, yaya, kushoto, ile ingine!" Na sikufichi, nikaokoa mpira mmoja. Ulinipiga usoni, lakini kuokoa ni kuokoa. Watu walishangilia mpaka nikasahau kwamba pua inatoka damu.

Mapumziko, tumefungwa mawili. Papa Kalumba akanivuta pembeni. Hapa, mwanangu, ndipo kosa langu lenyewe. Yale ya Ijumaa yalikuwa mazoezi tu.

"Banza," akasema, "ule muzee wa timu kubwa angali hapa. Sema neno moja tu, nao wote watakubali. Amisi aingie."

Nilimwona Amisi. Hakuwa ananitazama, alikuwa anafunga upya kamba za viatu vyake. Viatu alikuwa ameshavaa! Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nikaona umati, nikaona midomo ya watu. Nikaikumbuka sentensi yangu ya Kifaransa.

"Papa, uamuzi ni uamuzi. Bantu batasema nini?"

"Bantu!" mzee akasema, na sauti yake ikashuka chini kabisa. "We unaogopa midomo ya bantu, na mwenzako iko anapoteza maisha yake pale. Sawa. Rudia mu gori yako."

Nikarudi. Bao la tatu lilipoingia, nilitazama kwenye kona. Ile kofia haikuwapo tena. Nyuma yangu Amisi akashika tena nyavu kwa vidole, akasema, "Toka mbele kidogo, yaya." Akaendelea kunifundisha hadi filimbi ya mwisho. Sijui alikuwa na moyo wa namna gani. Mimi sina wa hivyo hata leo.

Kesi yake haikufika mbali. Yale magunia mawili dereva alikuwa ameyasahau kule kule Kasenga. Amisi akasafishwa jina na jaji mbele ya watu wote, tukampigia makofi, mimi nikipiga kwa nguvu kuwashinda wote. Lakini msimu ule timu kubwa ilikuwa imeshapata kipa wake, na yule mzee hakurudi mtaani kwetu. Leo Amisi anatengeneza pikipiki barabarani. Tunapokutana hucheka, huniuliza, "Yaya, pua imepona?" Hajawahi kuniuliza la pili. Jaji aliweza kumrudishia jina lake. Mechi ile nani amrudishie? Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikia jibu langu, kwa maana najua unatazama saa, na nyinyi vijana mkitazama saa mnakuwa kama madaktari.

Kukamatwa si kuhukumiwa. Polisi hubeba kwanza, ukweli hufika kwa miguu. Kwa hiyo Kasongo akitoka, na acheze. Mkiimbiwa wezi, fungeni magoli, wimbo utanyamaza wenyewe.

Lakini usinisikie nusu, mwanangu, kama mimi nilivyoisikia redio. Kuna siku ambayo ni lazima mtu akae pembeni kabla ya hukumu. Kama anashtakiwa kwamba alimpiga mwenzake wa timu, au alimgusa binti anayefanya mazoezi pamoja nanyi, usimlazimishe aliyeumizwa kuvaa jezi karibu naye. Mtenge mshtakiwa siku hiyo hiyo. Na hapo pia mwambie kwa sauti ya chini, mwambie lini mtalitazama neno lake tena, wala usimwite mwizi au mhalifu kabla mwenye kazi hiyo hajasema. Kumweka mtu kando ili kumlinda mwingine ni haki. Kumweka kando ili sisi tuonekane weupe, hiyo ni kunawa mikono kwa maji ya mwenzako. Kabla hujanyoosha mkono kwenye mkutano wenu, jiulize: nani hasa ninamlinda? Ukikuta ni sura yako mwenyewe, ushushe huo mkono.

Na ukikosea, kosea Ijumaa tu. Usikosee tena Jumapili ukiwa na nafasi ya kurekebisha. Ulimi hauna mfupa, geuza lile neno, ulimi hautavunjika.

Mungu akupe miguu mepesi na hukumu nzito. Akulinde na midomo ya watu, na zaidi akulinde na mdomo wako. Jumapili mshinde, nami nitasikia kelele zenu nikiwa hapa barazani, maana uwanjani sirudi mpaka kufa.

Haya yote niliyasoma kwa sauti asubuhi hii kabla ya kukutumia, nione kama yanapendeza. Mama Ngoie, jirani yangu, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Alisikiliza hadi mwisho, akakung'uta shuka, akasema:

"Papa Banza, maneno yako iko muzuri, lakini Kasongo iko mu kasho tangu juzi: nani kati yenu amemupelekea hata sahani ya bukari akule?"