Mshipi Niliofungia Paipu ya Kinu cha Ekerenyo

Wacheni niseme mwenyewe kabla shemeji yangu hajaisimulia kwa kutia chumvi: ndiyo, mimi ndiye yule fundi wa stima aliyebaki na koti na soksi mbele ya mama mkwe, Jumapili mchana kweupe, ndani ya kinu cha kusaga mahindi pale Ekerenyo, na mchungaji alikuwepo. Hata leo nikikumbuka masikio yananiwaka, lakini nacheka, maana nisipocheka mimi mtacheka nyinyi.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, suruali ni zile za miguu mipana, na stima ya serikali huko kwetu ilikuwa habari ya kusikia tu. Mzee Momanyi, babake Kemunto, akanunua injini ya dizeli ya kuzungusha kinu, na kando yake ikafungwa mashine ndogo ya kutoa umeme, ili kinu kiwe na taa na duka lake la ubavuni liwe na taa. Kazi ya kupitisha nyaya akanipa mimi, na si kwamba alinipenda, la, alijua fika kwamba namtaka binti yake, na siku aliyonionyesha jengo alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani akasema, "Kijana, nitaangalia kazi yako ukutani. Mtu asiyeweza kusimamisha paipu hawezi kusimamisha nyumba." Kwa hiyo mnaelewa, jameni, mimi pale sikuwa nafunga taa, nilikuwa natafuta mke.

Sasa, zamani zile nyaya zilipita ndani ya paipu za chuma, na kuziunganisha kuna njia mbili. Ya kwanza unaibana paipu kwenye vaisi, unaikata thredi mwishoni kwa mkono, ile mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu, unatia mafuta, unasukuma, jasho linakutoka, kisha unaizungusha ndani ya kiungo chake mpaka vikashikana kabisa. Ya pili ni ya watu wenye haraka: kiungo kina skrubu ndogo ubavuni, unachomeka paipu, unakaza skrubu, umemaliza. Fundi Ochieng, mtu wa kutoka ziwani aliyenifundisha kazi mjini Kisii, aliniambia si mara moja wala mbili kwamba skrubu ni ya nyumba iliyotulia, lakini penye mashine ya kutikisa ukuta ukate thredi hata kama mkono utang'oka.

Nami nilianza hivyo, Mungu ni shahidi. Lakini Mzee Momanyi ni Msabato wa kweli, Ijumaa jua likizama hakuna nyundo kulia, Jumamosi ni kanisa, na Jumapili wageni wamealikwa mpaka kutoka Magwagwa kuja kuona taa. Ijumaa saa nane mchana nilikuwa nimekata thredi upande wa duka tu, na upande wa kinu, penye injini yenyewe, bado. Ningemwendea mzee nikamwambia muda hautoshi, yangeisha. Badala yake, kwa kiburi changu cha mchumba, nikafungua mfuko wa viungo vya skrubu nikajiambia nani atajua, vikishapanda ukutani vyote vinafanana. Saa kumi na moja nilikuwa nanawa mikono huku napiga mluzi.

Jumapili nikafika mapema, nimevaa suruali ya suti niliyoazima kwa binamu yangu (huyo ana tumbo la chifu, na mimi siku hizo nilikuwa ufito). Nyakundi, mwendesha kinu, akaiwasha injini kuijaribu, ukuta ukatetemeka, na dakika chache baadaye paipu ya juu ya mlango ikaanza kuinama. Skrubu zilikuwa zinalegea zenyewe! Bisibisi nimeiacha nyumbani (nani huenda ukweni na bisibisi mfukoni?) na wageni wameshaanza kuingia. Nikavua mshipi, nikaifunga ile paipu kwenye boriti, nikafunga vifungo vyote vya koti ili suruali ipate pa kushikiliwa, mengine nikamwachia Mungu.

Mchungaji akaomba, akaomba sana. Injini ikanguruma, taa zikawaka, kina mama wakapiga vigelegele, na Mzee Momanyi, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, akanishika bega akapaza sauti kuwaambia watu kwamba kazi hii yote ni ya kijana huyu. Nikamwona Kemunto anatabasamu akitazama chini. Moyo wangu ulijaa mpaka nikasahau kwamba mshipi wangu uko juu ya boriti.

Mshipi haukuwa na makosa, ulishika vizuri. Ni paipu ya pili yake iliyochomoka, ikaupiga ule mfuko mkubwa wa kitambaa unaopokea unga, unga ukafuka chumba kizima, nayo na taa yake ikaanza kuteremkia vichwa vya kina mama. Nikaruka juu ya gunia la mahindi nikaidaka kwa mikono miwili. Sasa nimeidaka, kuiachilia siwezi, maana uzito wote ungening'inia kwenye nyaya, na nyaya zikichunika chuma chote kile kingeingia umeme. Dawa ni injini izimwe. Nyakundi yuko nje anakunywa chai. Na aliyesimama karibu na mkono wa kuzimia injini, anajipangusa unga, ni nani? Mamake Kemunto.

Hapa asiye wa kwetu lazima aelezwe. Kwetu Gusii, kati ya mkwe na mama mkwe kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya: hukai karibu naye, humkazii macho, humwamuru kitu, na mwili wako haramu auone. Mimi yule mama sikuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu, tena nikitazama migomba. Na nilipoinua mikono koti lilipanda nayo, suruali ya binamu ikaanza safari taratibu, kiunoni, mapajani, ikatua juu ya gunia. Nikapiga kelele kushinda injini, "Mama, zima!" Naye akavuta ule mkono, injini ikanyamaza ghafla, na maneno niliyobakisha yakasikika mpaka mwisho wa soko: "Paipu na suruali siwezi vyote!"

Mchungaji akafumba macho kana kwamba ameanza ombi jingine. Nyakundi akaja na ngazi akanipokea paipu, nikaipandisha suruali, nikatoka mlango wa nyuma nikapita mashambani mpaka nyumbani bila kuaga mtu.

Wiki ile sikula vizuri, nawaambia kweli. Wazee wa ukoo wao walikaa, na wengi walisema posa ife, kijana aliyeonwa hivyo na mama ataitwaje mkwe? Wakamwita mama mwenyewe aseme alichokiona. Kemunto alikuwa anawapakulia chai, ndiye aliyenisimulia kwamba mamake alitazama chini, akafikiri, akasema polepole, "Mimi sikuona kitu. Unga ulikuwa umenijaa machoni."

Nani angembishia? Mzee Momanyi akakohoa, akasema, "Basi kijana arudi akate thredi paipu zote, mimi nikiangalia, ndipo tuzungumze habari ya ng'ombe wa mahari." Nikarudi na vaisi ya Fundi Ochieng (aliyenicheka mpaka akakaa chini), nikakata thredi paipu baada ya paipu siku tatu, mzee ameketi kwenye kiti ananitazama, na injini ilipowashwa haikucheza hata paipu moja. Tangu hapo skrubu sitii mahali penye mashine, na suruali ya mtu siazimi, hata ya ndugu wa tumbo moja.

Siku ya harusi, zawadi ya mama mkwe ilinifikia kwa mkono wa shangazi, kama desturi inavyotaka. Nikaifungua: mshipi mpya wa ngozi, mpana, wenye bizimu la chuma. Nimeuvaa miaka yote, na kwa kuwa ensoni ni ensoni, mpaka leo sijamuuliza mtu aliyejaa unga machoni alijuaje nilichopungukiwa.