Salamu za Mdogo Wangu Niliziandika Mimi

Mama alinipa simu yake nisome ujumbe wa mdogo wangu, aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani.

Nilipofika mstari wa pili, nikarudi kuusoma upya.

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyaandika ofisini, Jumanne.

Ngoja nieleze.

Baada ya chuo nilisota mwaka mzima na bahasha ya vyeti, hadi soli zikaisha. Mwishowe wakala mmoja wa ajira za nje akanichukua niandike "salamu". Bosi, tuliyemwita Mjomba, alidai wasichana wake wanabanwa na kazi, kwa hiyo tuwasaidie kuwatuliza wazazi. Nikapewa orodha ya wasichana kwa namba tu, bila jina hata moja. Mimi niandike, wengine watume.

Nikaamini. Tena nikatia moyo wangu wote.

"Mama, hapa wananipenda. Spika ya simu imekufa, ndiyo maana sipigi. Usiache dawa zako."

Kumbe mdogo wangu ni mojawapo ya zile namba. Dalali aliyemchukua nyumbani hakututajia anamfanyia nani kazi.

Nikarudi ofisini, nikamvaa Mjomba bila salamu. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi.

Akaniambia nipunguze jazba. Wakifika kule wananyang'anywa simu na pasi za kusafiria, ndio utaratibu, hata yeye hajui nani yuko nyumba gani.

"Msomi, umewahi kuona mzazi hata mmoja akija hapa kulalamika?" Akatabasamu. "Unaandika vizuri."

Nilijichukia kabla sijamchukia yeye.

Nikazoa simu zote za kutumia salamu, nikatoka mbio. Njiani nikamtumia kila mzazi ujumbe mmoja: salamu zote zilikuwa za uongo, njoo kituo cha polisi.

Walijaa kituoni hadi barabarani. Polisi wakamtoa Mjomba ofisini kwake akiwa na pingu.

Nikamtafuta mama nimkumbatie. Alikuwa ameinama mbele ya jirani yetu, anamwomba msamaha.

Binti wa jirani alisafiri wiki iliyopita kupitia dalali yuleyule. Mama ndiye aliyemshawishi jirani amruhusu. Alimwonyesha salamu zangu.

Mdogo wangu hajapatikana. Binti wa jirani pia.

Kama una mtu huko, usishibe maneno matamu. Dai sauti yake. Ukinyimwa, piga kelele siku hiyohiyo. Maneno matamu anaweza kuyaandika yeyote, hata mtu mwenye nia njema kama mimi.