Ndege za Kivita za Mbuthia

Mbuthia hubeba nyama kichinjioni Dagoretti. Hubeba ng'ombe mzima begani, na mkono mmoja unabaki wa kusalimia watu. Nimeona kwa macho yangu, anayebisha aje. Kazi yake huanza kabla jogoo hajafikiria kuamka. Lakini jioni, akishaoga, huja gereji ya mzee Balbir pale Dagoretti Corner, na sisi sote tunanyamaza. Maana Mbuthia ndiye macho yetu. Huenda sinema, kisha anarudi kutusimulia. Tangu mkewe afariki, hakuna pahali pengine duniani anapongojewa.

Basi ikasikika kuna filamu mpya ya vita, ya marubani wa ndege za kivita. Omollo, anayepaka magari rangi hapo gereji, alikuwa ameona kipande chake kwenye simu, akakosa usingizi.

"Hizo ni ndege za ukweli, si za kompyuta," akasema. "Lazima ipite moja chini ya daraja, imelalia ubavu. Hiyo isipokuwepo, hakuna filamu."

Mzee Balbir yeye alitaka injini. "Ikohoe juu ya bahari, Mbuthia, halafu rubani aitengeneze huko huko."

"Mimi nataka tu arudi nyumbani," akasema Caren, anayetuuzia chai. "Nimechoka na watu wa kufa."

Mimi, bibi wa cherehani hapo mlangoni, nikasema nataka mwanamke mzee kama mimi kwa usukani. Wakacheka. Nikawaambia nilirusha ndege zamani, ile ya kunyunyizia kahawa dawa kule Kitisuru, nikaacha kwa sababu upepo uliniibia vitambaa vya kichwa.

"Sasa Mbuthia, hii ukituharibia," Omollo akamtania, "kila mtu ataangalia kwa simu yake, na wewe utakuwa unalala mapema."

Watu walicheka. Mbuthia hakucheka.

Mteja alikuwa amempa mzee Balbir tikiti mbili, lakini mgongo wake haupendi viti. Akatupa sisi, mimi na Mbuthia, tukaenda sinema tao, katikati ya jiji.

Mle ndani giza lilikuwa tamu kama uji wa baridi. Kiti kilinimeza nikabaki kitambaa cha kichwa tu. Skrini ilikuwa pana kuliko shamba la marehemu baba yangu, na baba yangu alikuwa akilitembelea kwa farasi. Ndege zikapaa. Nikamgeukia Mbuthia nimwone akifurahi.

Alikuwa amelala.

Nilitaka kumfinya. Lakini alikuwa anatabasamu, na vidole vyake vilichezacheza juu ya paja kama vya mtu anayeshika usukani wa kitu chepesi. Kule mbele watu walipiga makelele kwa Kizungu, moto ukawaka, rubani wao akafa. Huyu wangu alizidi kupaa polepole, bila sauti. Nikamwacha aende.

Taa zilipowaka akashtuka. "Cucu, bibi yangu, nimelala! Nitawaambia nini?"

"Uliota?"

"Niliota."

"Basi simulia hiyo. Mimi ndiye shahidi."

Jioni ile kule gereji alianza kwa sauti ya chini. Ndege zilitoka kwenye ukungu wa Ngong kama ng'ombe wanaotoka mtoni, zikinywa mawingu. Rubani alikuwa mama mwenye mvi, hana haraka. Alipita chini ya daraja, maji yakaliona tumbo la ndege. Injini ikakohoa, akatoka, akatembea juu ya bawa, akaikanda kifua kama cha mtoto, ikapona. Maadui walipomwona walisahau walikuja kufanya nini, wakamsindikiza. Akatua Ngong Road juu ya mashuka watu waliyomtandikia, na mlangoni kwake kulikuwa na mtu ameshika taa, amevaa gauni la maua ya manjano.

Gauni hilo nalijua. Nililishona mimi, na mke wa Mbuthia alizikwa nalo.

Caren alikuwa amesahau chai ikachemka mpaka ikamwagika.

"Hiyo ya mashuka sikuiona kwa simu," Omollo akasema, akanigeukia mimi. "Shosho, ni ukweli?"

Nikaapa kwa meno yangu yote. Sina hata moja.

Wiki iliyofuata Omollo alimpeleka Caren akajionee. Walirudi wamenuna.

"Wameikata!" Omollo akafoka. "Hao watu wa sinema wamekata kila kitu kizuri! Daraja hakuna, shosho rubani hakuna, halafu jamaa anakufa tu, hivyo!"

"Ni wezi," akasema Caren. "Hata taa ya mlangoni wameiba."

Mzee Balbir alitikisa kichwa kwa uchungu, akazima mashine ya kuchomelea ili pawe kimya.

"Mbuthia, ndugu yangu," Omollo akasema, "turudishie yote. Usiruke kitu."

Mbuthia alinitazama, nami nikatazama barabarani. Akafumba macho. Mara hii alianza juu zaidi, mahali ambapo hata mawingu hayajafika, na hakuharakisha kushuka.