Kulabu ya Darini

Mhudumu wa mgahawa ule wa katikati ya mji hamwekei mteja sahani kabla hajampa historia ya jengo, na historia yenyewe hutegemea nani kaketi. Hurekebisha kitambaa begani, hukohoa kidogo, kisha huinyooshea kidole kulabu ya chuma iliyoko darini. Muuza nyama aliambiwa hapa palikuwa bucha. Fundi cherehani aliambiwa kwenye kulabu ile zilining'inizwa suti za mabwana harusi. Chumvi ya mchuzi ni kazi ya mpishi; ya maneno huitia yeye, kwa beleshi.

Juzi mchana aliingia bibi mmoja na mkongojo wake, akaketi, akatazama juu.

"Baba alinifungia bembea pale," akasema. "Hiki kilikuwa chumba chetu."

Mhudumu akanyamaza, hata mpishi akachungulia kutoka jikoni kuona kulikoni. Muuza nyama akacheka mezani kwake. "Bibi, hata huyu bingwa wetu hajawahi kufika huko."

Mhudumu alishika mgongo wa kiti cha bibi kwa mikono miwili.

"Shikilia," akamwambia, akakisukuma taratibu kuelekea mezani, na bibi akainua miguu yote miwili.