Babu wa Sebuleni

Mama mzee anayetunzwa na Chelagat huko Rockville, Marekani, hafungui mlango kabla ya kufunika kwa taulo picha moja ya sebuleni. Chelagat akiwa bado nje husikia slipa zikikwaruza sakafu, kisha kimya, kisha ile sauti ya watu wa majimbo ya Kusini ya nchi hiyo, ya kuvutavuta: "Karibu, mpenzi." Mikono ya mama huyo hutetemeka hadi kumwaga sukari, lakini taulo hulinyoosha kama kitambaa cha madhabahuni. Chelagat alijizuia kuuliza, mpaka Alhamisi moja taulo likateleza, na mzungu mwenye ndevu nyeupe akawakodolea macho kutoka pichani.

"Nani huyu, mama?"

Mama mzee alishika ukuta. "Babu wa babu yangu. Alikuwa seneta wa jimbo letu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, watumwa wakawa huru, yeye ndiye aliyetunga sheria ya kuwanyima watu weusi kura. Sikutaka umwone."

"Basi mbona usimtupe?"

"Dada yangu alitupa yake. Siku hizi anawaambia wajukuu kwamba babu huyu alikuwa mtu mwema."

Chelagat alisogea, akaichunguza picha, kisha akamgeukia. "Mmefanana macho."

"Najua," alisema mama mzee, naye hakuyainamisha.